Kiti cha Kunyonyeshea

Siku mliponiaga nilipostaafu mliniomba niwaandikie mwongozo wa kuwasaidia kina mama kunyonyesha, "ule wa kwako mwenyewe, siyo wa kwenye makabrasha." Nimekaa nao miezi miwili. Nimeandika kichwa cha habari mara nne na kukifuta mara tano, hesabu ambayo hata mimi siielewi. Mwishowe nimeona heri niwaandikie jinsi nilivyowahi kuharibu kazi, maana hiyo naikumbuka bila kupekua daftari. Vyeo nitaviruka. Vilikuwa vichache, na barua mbili za kunipandisha zilikosea jina langu.

Kwa wale walioajiriwa juzi na hawanijui: mimi ni muuguzi, mwanamume, mzaliwa wa Tukuyu, na sehemu kubwa ya utumishi wangu, kwanza Shinyanga vijijini na baadaye Geita, nimefundisha kunyonyesha. Nilianza kwa kuwafundisha wanawake waliokuwa wakinyonyesha. Baadaye nikawafundisha wauguzi na wakunga namna ya kuwafundisha wanawake hao. Mwenyewe sijawahi kunyonyesha, na hakuna wiki iliyopita bila mtu kunikumbusha.

Siku ya kwanza nilifika kwenye zahanati moja jirani na machimbo ya Mwakitolyo nikiwa na sweta na mwavuli. Kwetu Tukuyu mtu hatoki nyumbani bila vitu hivyo viwili. Jua la Shinyanga lilinitazama kwa mshangao. Zahanati ilikuwa na mkunga mmoja, Sista Ester, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba ya viatu. Alinitazama kuanzia sweta hadi mwavuli, akasema, "Karibu. Kliniki ya watoto ni yako. Mimi nina mama wawili leba."

Kliniki yenyewe ilikuwa kibaraza chenye mabenchi mawili na mizani ya kuning'iniza iliyofungwa kwenye boriti. Kina mama walikuwa wamejaa, wengine wametoka vijijini, wengine wametoka kwenye makarasha wanakosaga mawe ya dhahabu, vumbi bado liko kwenye nyusi. Nikasimama mbele yao, nikakohoa, nikaanza: "Mama anayenyonyesha anatakiwa kuzingatia mambo yafuatayo."

Mama mmoja wa benchi la mbele akainua mkono. "Daktari, shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Wewe umenyonyesha wangapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo tangu chuoni. Nikajibu kwa sauti ya msomi: "Mama, si lazima mtu awe ameugua ndipo aweze kutibu."

"Kwani sisi ni wagonjwa?"

Kibaraza kizima kilicheka. Kutoka leba nilisikia kicheko kingine, cha Sista Ester, na baada yake cha mama aliyekuwa na uchungu. Sista aliniambia baadaye kwamba kile kicheko kilisaidia sana, mtoto alitoka muda si mrefu. Basi huo ndio mchango wangu wa kwanza kwa afya ya mama na mtoto.

Sista Ester hakunifundisha kwa maneno mengi, kwa sababu hakuwa nayo. Alikuwa na tabia moja: akishamuuliza mama swali, anavua miwani, anaifuta kwa pindo la kanga aliyojifunga juu ya sare, polepole, kioo cha kulia, kioo cha kushoto, mpaka mama mwenyewe anaona ukimya umezidi na kuanza kusema yaliyo moyoni. Mimi nilidhani miwani ina matatizo. Nilimwona mara nyingi hivyo, nikamwonea huruma, nikamshauri akabadilishe vioo mjini. Alinishukuru.

Yeye ndiye aliyenipa kifaa changu cha kwanza cha kazi, titi la soksi. Naeleza linavyotengenezwa kwa sababu bado naona vituo vinasubiri kuletewa la kiwandani. Chukua soksi ya kahawia ya mtu mzima, iliyofuliwa. Jaza pamba au vitambaa chakavu, lakini usikaze; titi lililokazwa linamfundisha mama kitu kisichokuwepo. Funga nyuma. Mbele weka kifungo cha koti, kizungushie kitambaa cheusi, ushone. Eneo jeusi kuzunguka chuchu lishone kubwa, kwa sababu somo zima liko hapo: mtoto hanyonyi chuchu, ananyonya titi. Akishika chuchu peke yake anamuumiza mama na maziwa hayaji. Mdomo ufunguke sana, mdomo wa chini ugeukie nje, kidevu kiguse titi, na weusi uonekane zaidi juu kuliko chini.

Titi lile nilitembea nalo mfukoni miaka mingi. Mara moja nilienda kuwatembelea kina mama wanaopika chakula ndani ya machimbo, na mlinzi wa getini, ambaye kazi yake ilikuwa kukagua watu wasitoke na mawe ya dhahabu, akahisi kitu kimetuna kwenye koti langu.

"Toa."

Nikatoa.

Aliligeuza, akaliminya, akalitazama, akanitazama. "Hiki nini, mzee?"

"Titi."

"La nani?"

Nilimweleza kwa dakika kama kumi na tano. Nina tabia ya kueleza. Foleni ilifika mbali nyuma yangu. Mwishoni mlinzi alinirudishia kwa vidole viwili, akasema kwa upole, "Nenda, baba. Mungu atakusaidia."

Baada ya miaka michache nilipelekwa mafunzo ya wiki mbili mjini, na hapa ndipo ubaya wangu unapoanza. Nilirudi na cheti, mwanasesere mmoja na bango kitita, lile la picha za kufunua moja moja mbele ya kina mama. Picha ya tatu ilikuwa ya mama amekaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu imeegemea kijibao, mto mapajani, mtoto kifuani, wote wawili wanatabasamu. Niliipenda picha ile. Mkufunzi wetu alikuwa amesema wazi: kinachotakiwa ni mama astarehe, mwili wa mtoto unyooke, ugeukie titi, uwe karibu, ushikiliwe wote. Hakusema kiti. Kiti kilikuwa kwenye picha tu. Mimi ndiye niliyekiingiza kwenye sheria.

Ndipo akaja Minza. Alikuwa binti wa miaka kama ishirini, uzazi wa kwanza, ameolewa katika mji wa mzee mmoja mfugaji, boma moja lenye nyumba chache, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka zahanati. Mumewe alikuwa kwenye duara, shimo la dhahabu, huko Geita, akichimba, na alirudi nyumbani kwa nadra. Mtoto, Limi, alizaliwa kwetu mikononi mwa Sista Ester na kilo tatu na kistari kimoja cha mizani, yaani gramu mia. Alilia vizuri, akanyonya ndani ya saa ya kwanza, hakuna aliyekuwa na wasiwasi.

Siku ya saba Minza alikuja kliniki. Nilimkuta amekaa sakafuni kibarazani, ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha mbele, kama mama zake na bibi zake wote walivyokaa, mtoto yuko kifuani anavuta maziwa kwa utulivu. Kilo tatu kamili. Wiki ya kwanza mtoto hupungua kidogo, hilo mnalijua. Alikuwa na mchubuko mdogo kwenye chuchu ya kushoto, nao ulikuwa unapona. Muuguzi mwenye akili angemsifu na kumwacha.

Mimi nilifunua picha ya tatu.

"Mayu," nikamwambia, yaani mama, kwa sababu kufikia hapo nilikuwa nimejifunza maneno kama sita ya Kisukuma na niliyatumia yote, "sakafuni utaumia mgongo. Ona huyu alivyokaa. Kiti." Nikamwinua, nikamkalisha kwenye kiti changu, nikaweka mto, nikapanga mikono yake, nikarudi nyuma nikatazama kazi yangu. Alifanana na picha kabisa, isipokuwa tabasamu. "Na nyumbani iwe hivyo hivyo. Kwenye kiti. Umenielewa?"

"Nimeelewa, daktari."

Wiki ya pili: kilo mbili na vistari tisa. Nilimwomba anyonyeshe mbele yangu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti, akapanga mto, mtoto akashika titi vizuri sana. Sikuona kasoro. Nikamweleza umuhimu wa kunyonyesha mara nane au zaidi kwa siku, mchana na usiku. Nilimweleza maziwa yanavyotengenezwa, kwamba titi likinyonywa linapata agizo la kutengeneza mengine, na lisiponyonywa linanyamaza. Nilichora na mchoro. Akaitikia kwa kichwa. Kwenye kadi nikaandika: "Hanyonyeshi mara kwa mara. Elimu imetolewa."

Wiki ya tatu alikuja na mama mkwe wake. Kilo mbili na vistari nane. Limi alikuwa amechongoka uso kama mzee. Mama mkwe hakukaa. "Daktari, maziwa ya huyu ni mabaya," alisema, Minza akiwa pale pale. "Tumefuata kila kitu ulichosema. Mtoto anakauka. Jumamosi kaka zake wanakuja kumchukua arudi kwao. Mtoto tutamlea sisi, ng'ombe wapo."

Minza alitazama chini. Machozi yalidondoka juu ya kanga aliyomfunikia mtoto, na hakuyafuta.

Mtoto wa wiki tatu kwenye maziwa ya ng'ombe, katika mji ambao maji ni ya lambo wanalonywea ng'ombe. Nyote mnajua maana yake. Nami nilijua. Basi nikafanya nilichozoea: nikaanza kueleza. Nilieleza hatari ya maziwa ya ng'ombe, nikaeleza kuhara, nikawa naelekea kwenye matumbo ya mtoto, Sista Ester alipotoka leba akifuta mikono. Alichukua kadi mkononi mwangu. Akasoma "Elimu imetolewa," mara tatu, maana nilikuwa nimeiandika mara tatu. Akampima Limi joto, akambana ngozi ya tumbo kidogo, akamgusisha kidole mdomoni. Limi akakivuta kwa nguvu. "Bado ana nguvu," akasema. Kisha akaketi sakafuni karibu na Minza.

"Nyumbani unanyonyeshea wapi, mwanangu?"

Akavua miwani. Akaanza kuifuta.

Alikuwa amefika kioo cha pili Minza aliposema, kwa sauti ndogo, "Kwenye kiti."

"Kiti cha nani?"

"Kipo kimoja. Cha baba mkwe."

Nikalifunga bango kitita langu.

Taratibu, kati ya Minza na mama mkwe, habari yote ilitoka. Mji mzima ulikuwa na kiti kimoja chenye mgongo, cha mzee. Mkamwana hakalii kiti cha baba mkwe wake. Lakini daktari amesema kiti. Basi mama mkwe, kwa huruma, alikuwa akimruhusu kwa siri: mzee akitoka na ng'ombe asubuhi, Minza anaingia, anakaa, ananyonyesha, wanakifuta kiti kwa kitambaa, anatoka. Mzee akirudi kula mchana na kutoka tena, mara ya pili. Siku akienda mnadani, Limi alibahatika mara tatu. Usiku kiti kilikuwa chumbani kwa mzee.

"Akilia usiku?" Sista aliuliza.

"Nambembeleza. Daktari alisema sakafuni vibaya."

Mama mkwe akaongeza, ananitazama mimi: "Ndiyo maana nikasema maziwa ni mabaya. Kama hata kwa kiti cha daktari hayashuki!"

Naomba muelewe ukubwa wa ujinga wangu. Mimi nimetoka kwa watu ambao mkamwana akimwona baba mkwe njiani anaingia kichakani mpaka apite. Mama yangu aliishi hivyo. Kati ya wauguzi wote wa mkoa ule, niliyepaswa kuuliza kiti ni cha nani ni mimi.

Sista Ester alimkalisha Minza sakafuni pale pale, miguu mbele, mgongo ukutani, akamweka Limi. Alinyonya titi moja, akahamishwa la pili, akarudishwa la kwanza. Halafu Sista akamwonyesha namna ya kukamua yaliyobaki na kumnywesha kwa kikombe kidogo, kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ili titi lipate agizo. Akawataka warudi kesho yake na kila siku hadi aone mtoto ameshika njia. Na dalili yoyote ya kulegea, wasingoje kesho. Alisema hayo yote kwa maneno machache kuliko niliyoyatumia kwa yule mlinzi wa getini.

Walipoondoka akanigeukia. "Kesho jioni utaenda kwao."

"Kutoa elimu?"

"Hapana, baba. Kusema nani amekosea."

Nilienda kwa pikipiki ya zahanati, na njiani nilitunga hotuba. Mzee alinipokea nje ya nyumba yake, mrefu, mkavu, na fimbo ya kuchungia mkononi. Salamu ya "Mwangaluka" ilikuwa ya asubuhi, na asubuhi ilishapita, lakini nilikuwa na maneno sita tu, nikaitumia. Aliitikia kwa heshima. Kisha akaita, kijana wake akaleta kiti. Kile kiti. Kikawekwa mbele yangu, kwa sababu mgeni ni mgeni.

Hotuba yote ilinipotea. Nikaketi chini kwenye mkeka, miguu nimeinyoosha, viungo vya Tukuyu vikilia. Mzee alishangaa. Mama mkwe alisimama mlangoni. Minza sikumwona, alikuwa nyuma ya nyumba kama inavyopasa.

"Mzee," nikasema, "maziwa ya mkamwana wako ni mazuri. Mimi ndiye niliyemzuia kunyonyesha. Nilimwambia akalie kiti, na kiti ni chako. Akakuheshimu wewe na akanitii mimi, mtoto akakosa. Kosa ni langu, siyo lake. Naomba Jumamosi asiondoke."

Mzee alichora mstari mavumbini kwa fimbo. Nilitamani kuujaza ule ukimya. Nilikuwa na mchoro mfukoni. Mwishowe akasema, "Kwa hiyo walikuwa wanakalia kiti changu."

"Ndiyo, mzee."

"Nilikikuta cha moto. Mara nyingi." Akamgeukia mkewe. "Nilidhani ni wewe, nikasema huyu mama sasa amezeeka, anatamani kiti."

Mama mkwe alijifunika mdomo kwa kanga. Halafu akanigeukia mimi. "Nilijua kuna kitu kimeingia kwenye maziwa yake. Kumbe ni wewe!"

Mzee hakucheka. Alisema neno lake: kaka zake Minza wataambiwa wasije Jumamosi hii. Wiki moja. Mizani ya zahanati iseme. Ikipanda, maziwa ni mazuri na mimi ndiye mbaya. Isipopanda, mimi na mkamwana wake sote tuna la kujibu.

Sikuwahi kuwa na wiki ndefu kama ile. Limi alikuja kila siku, nami kila siku niliambiwa na Sista niende nikahesabu chanjo. Siku ya mizani walikuja wote: Minza, mama mkwe, na mzee mwenyewe, ambaye hakuwahi kukanyaga kliniki ya watoto tangu azaliwe; alisimama nje ya kibaraza akitazama pembeni, kama mtu aliyepita tu. Nilimvisha Limi suruali ya kupimia, nikamning'iniza. Alirusha miguu, mshale ukacheza, nikasubiri utulie.

"Soma kwa sauti," Sista alisema.

"Kilo tatu," nikasema. Nikainama nitazame tena. "Na kistari."

Mama mkwe alipiga vigelegele hadi leba wakaitikia. Mzee, bado akitazama pembeni, aliuliza, "Amesema ngapi?" Akaambiwa. Akakata shauri: "Basi mtoto wa watu abaki kwake." Kisha akaondoka kwenda kwenye ng'ombe wake, na tangu siku hiyo nilipokutana naye mnadani alinitambulisha kwa wenzake: huyu ndiye daktari aliyekausha maziwa.

Miaka iliyofuata nilihamishiwa Geita, nikawa mkufunzi, na nimezunguka hadi Buseresere nikifundisha wahudumu. Hicho ndicho kisa nilichoanza nacho kila mafunzo. Wengine walicheka, wengine waliandika. Niliwaambia na nawaambia ninyi: kabla ya kumrekebisha mama, muulize nyumbani ananyonyeshea wapi, amekalia nini, na nani yupo. Kisha nyamaza. Kama huna miwani ya kufuta, tafuta. Na kadi isiandikwe "elimu imetolewa" bila kuandika mama alisema nini, kwa sababu upande wangu wa mazungumzo naujua tayari.

Mwaka wangu wa mwisho kazini nilirudi zahanati ile kufundisha wauguzi wapya. Sista Ester alikwishastaafu. Kibarazani, sakafuni, nilimkuta Minza na mtoto wake wa tatu kifuani. Limi alikuwa shuleni. Tulisalimiana, nikaketi karibu naye, nikamuuliza swali lililonikaa moyoni miaka yote: "Mama Limi, wiki tatu zile, mbona hukuniambia kwamba kiti ni cha baba mkwe?"

Alicheka, akamfunika mtoto jua. "Daktari, ulikuwa unaeleza vizuri sana. Niliona aibu kukukatiza."

Nikafungua mdomo nimweleze kwamba angenikatiza tu, kwamba ni haki yake, kwamba ziko sababu kuu tatu. Kisha nikaufunga. Mtoto alikuwa anameza, taratibu, kama mtu asiye na haraka, na pale sakafuni nilimsikia vizuri.